Fondanti na unyevu wa pwani

Habari za asubuhi. Waliokaa nyuma sogeeni, kuna keki hapa mezani na nataka kila mtu aione kwa karibu.

Fondanti, ile shuka ya sukari tunayofunikia keki, haifichi kitu. Keki ikitoka na mabonde, fundi anailaumu fondanti, anabadilisha kampuni, ananunua ya bei mbaya, na mabonde yako palepale. Kitu chenye unene wa milimita 3 au 4 kitaficha nini? Alama ya kisu itaonekana, punje iliyochomoza itaonekana. Unyoofu unautafuta kwenye tabaka la chini, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam mimi nasema ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwenye krimu ya maziwa. Krimu ya siagi ni tamu, sibishi, lakini siagi inayeyuka kwenye nyuzijoto thelathini na kitu, na Januari chumba kisicho na kiyoyozi kinafika huko kabla ya adhuhuri. Ikilainika, fondanti inashuka na kujikunja chini kama soksi iliyolegea.

Kwa ganashi, kila gramu 300 za krimu ya maziwa weka gramu 600 za chokoleti nyeusi. Ikiwa nyeupe, gramu 900, maana yenyewe ni laini zaidi. Paka, nyoosha kwa kikwangulio cha chuma, kisha iache ikaze usiku kucha. Usiku huohuo keki inajikalia na hewa iliyonaswa katikati inatoka. Anayekimbizana na muda akafunika jioni ileile, asishangae asubuhi kukuta uvimbe ubavuni.

Kusukuma fondanti hakuna maajabu. Chukua upana wa keki, ongeza kimo mara mbili: keki ya sentimita 20 yenye kimo cha 10 inataka fondanti ya upana wa 40, na 5 za akiba. Nyunyiza wanga wa mahindi kidogo tu (wanga, jamani, siyo sembe), na kila ukisukuma izungushe robo ili isigande mezani.

Sasa tazameni mikono yangu. Ganashi nimeipaka maji kiasi cha kunata tu. Naanza juu, natoa hewa kutoka katikati kwenda nje. Halafu siendi chini: nashika ukingo wote kwanza, mzunguko mzima, kwa sababu uzito wa pindo linaloning'inia ndio unaopasua pale. Ubavuni, mkunjo ukitokea, inua pindo, lipanue, kisha pandisha kiganja kulaza kutoka chini ya mkunjo. Ukiukandamiza umeushona, hautoki tena. Kata ukiacha sentimita 2, lainisha, ndipo ukate mara ya mwisho. Kipovu kikibaki, kitoboe kwa sindano ukiilaza mshazari.

Wa Dodoma mtaniambia yenu inapasuka na kufanya ngozi ya tembo. Kule hewa ni kavu: paka viganja mafuta ya mgando ya kupikia, kanda na matone ya gliserini. Sisi wa pwani tukiongeza gliserini tunajimaliza, kwa kuwa nayo inavuta maji kama sukari yenyewe.

Na hapo ndipo kwenye friji. Keki baridi ikikutana na hewa yetu, mvuke unageuka maji juu ya sukari: keki inatoka jasho. Fondanti inanata, nyekundu inachuruzika kwenye nyeupe, na ukigusa, kidole kimeacha mhuri. Usiifute! Washa feni, kaa mbali, itakauka. Afadhali zaidi, iingize friji ikiwa ndani ya boksi lililofungwa, na ikitoka usilifungue hadi keki ipate joto la chumba. Maji yatatua kwenye boksi.

Dada pale anauliza kuhusu sendofu ya bustanini, Kigamboni, saa tisa alasiri. Mimi keki nzima hapo siweki. Tabaka za chini nafunika dami, yaani keki bandia isiyolika, ya juu ya kukatwa ndiyo keki kweli, na wageni wanakatiwa za trei kutoka jikoni. Bei ya kufunika dami ni ileile, kazi ni ileile; mwambieni mteja mapema, kabla hajalipa kianzio.