Pawa saplai ya pande mbili: anza kupima hasi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Leo nazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunakinunua Kariakoo mguu mmoja ukiwa tayari nje ya duka: pawa saplai ya pande mbili iliyokwisha kutengenezwa, ile inayotoa chanya, sifuri na hasi.

Kwa nini pande mbili, mnajua. Sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na opampu, chipu ya kukuza sauti, iliyopewa volti +15 na −15 inapata nafasi sawa huku na huku. Tusonge mbele.

Muuzaji atakuuliza, "Fundi, ya volti ngapi?" Mjibu, halafu na wewe umuulize: hasi inatoa ampea ngapi, na ikibebeshwa mzigo inabaki palepale? Chanya kila mtengenezaji anaitunza. Ubahili huanzia kwenye hasi.

Tazameni hii mezani. Ni saplai ya suichi, ile inayowasha na kuzima umeme kwa kasi ndani yake, nyepesi, kibandiko kinasema ±15. Bila mzigo mita inasoma 15.1 chanya na 15.3 hasi. Safi kabisa. Sasa nafunga rezista ya omu 100, wati 5, kwenye hasi peke yake. Kwa volti 15 inavuta kama miliampea 150. Chanya haijatikisika. Hasi, mlio mbele mnaona: 13.2. Saketi ya ndani inaichunga chanya tu; hasi inafuata mkumbo. Nikihamishia mzigo kwenye chanya, hasi inapanda, hiyo hapo. Ukiipeleka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ukikaza sauti wimbi litakatwa chini kabla ya juu, na utaanza kulaumu opampu za watu.

Mzigo wenyewe unakadirika. Opampu moja ya NE5532 inaweza kula hadi miliampea 16. Mikisa yenye kumi ni miliampea 160. Saplai ya nusu ampea kila upande inatosha na chenji inabaki. Amplifaya ya spika ni habari nyingine: wati 50 kwenye spika ya omu 8 zinadai kilele cha volti 28 na ampea 3.5, pande zote mbili. Msiichanganye na saplai ya mikisa.

Naona kuna aliyekuja na saplai ya kompyuta. Karibu, maana inapendwa kwa bei yake. Soma kibandiko: −12 mara nyingi ni ampea 0.3 tu, na viwango vya ATX, vya saplai za kompyuta, vinairuhusu iyumbe asilimia 10 wakati +12 inabanwa kwenye asilimia 5. Kwa mikisa ndogo mkondo unaweza kutosha. Kinachonikera mimi ni sifuri yake, ambayo imefungwa kwenye bati na waya wa ardhini. Mikisa ikiungana na amplifaya ambayo nayo ina waya wa ardhini, mnapata mzunguko, na mzunguko huo unaleta mngurumo.

Kuna na ujanja wa kuunga adapta mbili, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na hapo katikati pakawa sifuri. Unafanya kazi, ila adapta nyingine za pini tatu hasi yake imeungwa na pini ya ardhini. Ukiunga mbili za namna hiyo, moja inapigwa shoti. Kabla ya kuchomeka popote, pima omu kati ya pini ya ardhini na hasi ya adapta. Ikisoma karibu na sifuri, achana nayo.

Mimi kwa mikisa bado napendelea ya transfoma, yenye reguleta za kushikilia volti, LM7815 kwa chanya na LM7915 kwa hasi, pamoja na uzito wake. Ila usikubali transfoma ya 15-0-15, yaani volti 15 kila upande wa sifuri. Kwenye volti 230 kapasita zinajaa hadi kama volti 20, na reguleta inaridhika. Ikifika jioni, mtaani kwenu umeme umeshuka hadi 190, zinabaki kama volti 16 na nusu. Reguleta inataka kama 17 ili itoe 15. Hapo mngurumo wa hezi 100 unapita moja kwa moja, na mteja anakupigia simu saa mbili usiku wakati dukani mchana ilikuwa nzuri. Chukua 18-0-18. Itachemka zaidi, kwa hiyo angalia bati la kupoozea. Mgongo wa 7815 ni sifuri, lakini mgongo wa 7915 ndipo umeme wa hasi unapoingilia. Kama zimefungwa bati moja bila maika, kile kipande cha kuzuia umeme, katikati, irudishe hapohapo kaunta.

Rezista ninazo za kutosha. Mwenye saplai yake aje nayo mbele tuipime, tuanze na huyo wa kompyuta.