Gome la Mgunga Mbele ya Kipimo cha Asidi ya Yuriki

Ndugu wahadhiri, wanafunzi, na ninyi waganga wa tiba asili mliotoka Kondoa, Bahi na Mpwapwa kuja kutusikiliza hapa Dodoma, nawashukuru kwa kufika.

Jongo, ambalo wengi huliita gauti, huanza pale asidi ya yuriki inapozidi katika damu hadi ikashindwa kuyeyuka, yaani inapopita takriban miligramu 6.8 kwa desilita, ikajenga fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, kiitwacho zanthini oksidezi ndicho kinachokamilisha utengenezaji wa asidi hiyo kutokana na zanthini, na alopurinoli, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966, hukizuia. Tunapopima dondoo la mmea, tunauliza kwanza kama nalo linaweza kukizuia.

Ili kupata dondoo, gome la mgunga hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa katika ethanoli au maji na kuchujwa, kisha kimiminika chake hukaushwa hadi ubaki unga. Unga huo huchanganywa na kimeng'enya pamoja na zanthini, na spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, husoma asidi inavyoongezeka katika mawimbi ya nanomita 290 hadi 295. Isipoongezeka, mtafiti hufurahi, na hapo ndipo ninapowasihi wanafunzi wangu wasiandike ripoti bado.

Aliyewahi kutafuna gome la mgunga anaujua ukakasi wake ulimini. Ukakasi huo ni tanini inayoshikana na protini za mate, na ni tanini hiyo hiyo inayoshikana na protini za ngozi mbichi hadi isioze. Kimeng'enya nacho ni protini. Kwa hiyo gome linaweza kuonekana dawa kubwa katika kichupa cha maabara, kumbe limekamata tu protini iliyokuwa karibu, kama ambavyo lingekamata nyingine yoyote. Namna ya kuugundua mtego huu si ghali: rudia kipimo baada ya kuongeza albumini ya ng'ombe, protini ya damu ambayo tanini itaikamata badala ya kimeng'enya, na uzuiaji ukitoweka, ujue ulikuwa unapima tanini. Weka pia kichupa cha dondoo lisilo na kimeng'enya, kwani dondoo nyingi zenyewe hufyonza mwanga katika mawimbi hayo hayo.

Tunapojaribu dondoo kwa panya, kuna jambo jingine. Panya ana yurikezi, kimeng'enya kinachovunja asidi ya yuriki, ambacho sisi binadamu hatuna, ndiyo maana hupewa oksoneti ya potasiamu ili kukizuia kabla ya jaribio.

Mganga anayetuletea gome, namwomba kwa heshima atueleze alichemsha kiasi gani, katika maji kiasi gani na kwa muda gani, kwa kuwa dondoo letu la ethanoli silo alilokunywa mgonjwa wake. Na mgonjwa huyo, kama anatumia alopurinoli, asiiache kwa ajili ya gome ambalo bado tunalipima.