Cheti cha dereva wa foklifti hakikufanyi fundi: jibu kwa wanaouliza kila siku

Karibuni tena, ndugu zangu. Kila nikiweka video ya foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, swali ni lile lile: "Nina cheti cha kuendesha foklifti, naweza kuwa fundi wa kuzunguka?" Leo najibu, na wa kusema naringa au nalalamika anisikilize kwanza.

Hakitoshi. Cheti kile ni cha kuendesha, hakifundishi kutafuta hitilafu. Na fundi wa kuzunguka, anayeifuata mashine kwa mteja, yuko peke yake na gari lake la vifaa, hana wa kumuuliza. Anzia karakana.

Chukua foklifti ya umeme ya volti 48 iliyogoma kunyanyua. Mwanafunzi anakimbilia pampu. Subiri! Nyingi hujizuia kunyanyua chaji ikibaki kama asilimia 20, kulinda betri. Chaji ikiwa ipo, pima seli zote 24 zinazounda betri, kila moja volti 2. Mashine ikitulia zote huonekana nzima. Sasa mwenzako avute mkono wa kunyanyulia huku umeshikilia mita ya volti: seli mbovu inaporomoka palepale. Pampu haina kosa.

Uma, ule mkono wa chuma unaobeba mzigo, upime kwenye kisigino, pale unapopinda, ulinganishe na sehemu ya wima isiyosuguliwa. Wa milimita 40 ukibaki 36, toa. Umelika asilimia 10 tu, lakini nguvu imepungua karibu asilimia 20. Usiujazie kwa kuchomelea, nawasihi. Mnyororo wa kunyanyulia nao: pingili 16 za milimita 19.05 zikiwa mpya zina urefu wa milimita 304.8. Zikifika 314, badilisha minyororo yote miwili. Pima kipande kinachopita kwenye puli, maana ncha hazichakai sana.

Mafuta ya haidroliki yakivuja, usipapase mpira unaopitisha mafuta kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Tundu la ncha ya sindano hupenyeza mafuta chini ya ngozi, na hapo ni upasuaji wa haraka hata kama kidonda hakionekani.

Sasa pesa na makaratasi, na hapa kweli panauma. Kabla ya kusaini, uliza: saa za barabarani zinalipwa? Vifaa ananunua nani? Mafundi wengi huyauliza hayo wakati wameshasaini. Kwenye kadi ya kazi usiandike "uma umechakaa". Andika namba ya mashine, saa za kazi zilizo kwenye mita ya mashine, "kisigino 35.5, wima 40", na mteja asaini. Akiendelea kuutumia ukavunjika, karatasi hiyo ndiyo inakutetea.

Kila mtu na hali yake, na sheria za ulipo zinaweza kudai zaidi. Vipimo nilivyotaja, linganisha kwanza na kitabu cha mashine iliyo mbele yako.