Mkaguzi Mwenyewe Yuko Wapi?

RIZIKI: Haya karibuni tena, tuko hapa hapa Malindi, joto ndo hilo na feni tumeizima manake inaingia kwenye maiki, kwa hivo mkisikia mtu anahema ni mimi. Leo Mwanajuma hana pa kutorokea, tunaongea kazi yake. Shoga mie nlikuwa nkijua mkaguzi ni yule wa kaunti anaekuja na kufuli kufunga mikahawa.

MWANAJUMA: Huyo mwengine. Huyo ana sheria mkononi, akifunga amefunga. Mie ni odita wa ubora, kampuni yenyewe ndo inaita, inataka cheti cha ISO, vile viwango vya kimataifa, ile 9001 ya ubora ama ile 22000 ya usalama wa chakula, ama ina mnunuzi Ulaya ashawambia pweza wenu sichukui mpaka mkaguliwe. Basi nangalia walichoandika kwamba wanafanya, nangalia wanachofanya kweli, nangalia kiwango chasema nini. Sifungi mtu. Naandika.

RIZIKI: Na ukifika getini na hilo buibui lako?

MWANAJUMA: (anacheka) Askari anatazama nyuma yangu. "Mkaguzi mwenyewe yuko wapi?" Na kama nimekuja na kijana wa kiume alie kwenye mafunzo, ambae hata ripoti hajaruhusiwa kuandika masikini, meneja atampa mkono yeye, atamvutia kiti yeye, mie ntaulizwa kama chai nataka na maziwa.

RIZIKI: Mie ningewaka hapo hapo.

MWANAJUMA: Ukiwaka umekwisha, watasema mwanamke ana hasira na siku nzima maneno yako yote yatakuwa ni hasira. Mie nangoja kikao cha kufungua. Kiongozi wa timu ndo anaefungua, anataja wigo, anataja ratiba, anasema nani aende stoo nani aende kwenye friza, na kijana wangu amekaa kimya na daftari lake. Sijitambulishi mara mbili. Asieelewa hapo ataelewa kwenye temomita.

RIZIKI: Hebu tupe hiyo ya temomita.

MWANAJUMA: Sehemu moja, jina silitaji, jodari wanapokelewa pale, meneja ni mzee wa heshima zake, kila sentensi ni mwanangu, mwanangu hii yetu ni nzuri haina shida. Nkamwambia sawa baba, naomba ndoo ya barafu iliyosagwa na maji kidogo. Barafu na maji ukikoroga vizuri vinakaa kwenye nyuzi sifuri, hiyo haina mjadala, haina mwanamke wala mwanamume. Tukatia yangu na yao pamoja. Yangu ikasimama sifuri, yao ikasoma 3 chini ya sifuri. Maana yake samaki waliomwandika 1 alikuwa 4 siku zote hizo.

RIZIKI: Na nyuzi tatu ni neno kweli? Mbona sisi jodari twamla ametoka juani.

MWANAJUMA: Ndo maana watu wanawashwa mwili na kuvimba uso halafu wanasema wana aleji. Jodari akikaa na joto anatengeneza histamini, na ikishatengenezeka hata upike hata ugandishe haitoki. Kwa hivo samaki mbichi anatakiwa akae karibu na barafu inayoyeyuka, sio karibu na matumaini ya meneja. Yule mzee mwenyewe alichutama pale kwenye ndoo akazisoma zote mbili, hakubishana. Na sikumwaibisha mbele ya vijana wake, sauti sikupandisha, nliandika tu. Mchana akawa aniita madam, mie hata mwanangu ilikuwa hainidhuru, almuradi anijibu maswali.

RIZIKI: Sasa niambie, kuna kitu mwanamke anakiona kule ndani ambacho mwanamume hakioni?

MWANAJUMA: Pini.

RIZIKI: Pini gani?

MWANAJUMA: Pini za mtandio! Viwanda vya samaki huku pwani, kule kwenye kumenya kamba na kusafisha pweza, wengi ni wanawake na wengi wamejifunika. Kofia ya nywele juu iko sawa, koti sawa, na chini ya kofia kuna pini nne na broshi ya vijiwe. Ikidondoka moja kwenye trei la kamba ikaenda Ulaya, ni chuma ndani ya chakula. Odita wa kiume anaona aibu kuuliza, atamwambiaje mke wa mtu afungue mtandio? Mie naingia chumba cha kubadilishia, navua yangu kwanza, nawaonyesha nimevaa ule wa kuchopeka kichwani usio na pini, bangili nshaziacha nyumbani, udi sikujifukiza siku hiyo manake harufu inaingia kwenye samaki. Nkishajikagua mwenyewe ndo nawakagua wao. Na wakishaniona hivo, wanaongea.

RIZIKI: Wanaongea nini?

MWANAJUMA: Hapo sasa. Choo hakina sabuni. Hawaruhusiwi kutoka kwenye laini. Usiku barafu inaisha na samaki wanalala hivo hivo. Mmoja aliniambia hilo la barafu huku anafunga koti, hata hakunitazama.

RIZIKI: Ukaandika.

MWANAJUMA: Sikuandika! Maneno ya chumbani sio ushahidi, na ningeandika wangejua kesho yake ni nani, zamu ya usiku ni wanawake wangapi. Nlifanya hivi, nkaomba kitabu cha joto cha usiku. Kila saa imeandikwa 2, kila saa, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata 1.8. Nkafunga nkaomba kitabu cha jenereta. Kumbe usiku mmoja stima ilipotea na jenereta ikachelewa kuwashwa, na kitabu cha joto saa hiyo hiyo chasema 2. Basi. Ripoti ikasema kumbukumbu za joto hazilingani na kumbukumbu za umeme, ukurasa huu na huu. Ikawa ensii kubwa, yaani kosa kubwa la kutofuata kiwango. Yule dada hayumo, hajatajwa, hajulikani mpaka leo.

RIZIKI: Wallahi wewe ungekuwa mpelelezi.

MWANAJUMA: Sio upelelezi, ndo kazi yenyewe. Kuna ISO 19011, huo ndo mwongozo wetu wa ukaguzi, toleo la 2018 lina misingi saba, uadilifu, kusema ukweli ulivyo, umakini, kutunza siri, kutoegemea, ushahidi, na kuangalia hatari iko wapi. Wote twaikariri kwenye kozi. Ugumu ni pale siri na ushahidi vinapokuvuta huku na huku, mtu amekuamini na wewe una ripoti ya kuandika, hapo ndo unajua kama wewe ni odita ama una cheti tu.

RIZIKI: Tuje kwenye samaki wa zawadi. Manake huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.

MWANAJUMA: Ee jamani. Chai ya wote nakunywa, mahamri nakula, hiyo ni adabu. Lakini jioni unakuta kuna kikapu cha kamba karibu na gari, na ukikataa wakati huo umemtukana mtu, mkono wake umeshanyooka. Kwa hivo mie nasema asubuhi, kwenye kikao cha kufungua, mbele ya wote, timu yetu haipokei kitu, ni sheria ya ofisi. Nasema nacheka. Jioni hakuna anaeaibika. Na Kenya tuna Sheria ya Hongo ya 2016, zawadi ya kamba kilo tano kwa mtu anaekuandikia cheti sijui utaiitaje mahakamani. Kuna siku nlifika njiani nkakuta samaki aina ya changu wamefungwa kwenye gazeti ndani ya buti, dereva alipokea. Tuligeuza gari. Nkamkabidhi mtu wa stoo nkamwambia andika kwenye kitabu, samaki wamerudi. Mamangu hajanielewa mpaka leo.

RIZIKI: (anacheka sana) Mama ana haki! Na ndugu je? Malindi hii kila mtu ni binamu wa mtu.

MWANAJUMA: Nasema mapema ofisini, pale kuna mtoto wa mamangu mdogo, nitoeni, wanamtuma mwengine. Na kama nliwahi kuwashauri kampuni, nikawapangia mfumo wao, siruhusiwi kuja kuwakagua kwa cheti mpaka ipite miaka 2. Huwezi kujisahihishia mtihani.

RIZIKI: Na wanaume wasumbufu? Usinirukie hilo.

MWANAJUMA: Sirukii ila silipi muda mwingi. Simu ya saa nne usiku sio ya ukaguzi, siishiki. Maswali ya ripoti yaje kwa imeili. Nalala mahali nlipopachagua mie sio walipopachagua wao, mahojiano mlango wazi. Akizidi, naandikia ofisi siku hiyo hiyo, tarehe na saa, na ofisi inawasiliana na wakubwa wake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, mwajiri mwenye watu 20 na zaidi lazima awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, kwa hivo asiniambie sijui. Lakini kitu kimoja, siingizi hayo kwenye matokeo ya ukaguzi. Temomita yao ikiwa sawa ntaandika iko sawa, hata kama meneja ni mshenzi.

RIZIKI: Hiyo ngumu.

MWANAJUMA: Inauma haswa. Ila nkianza kulipiza kwenye ripoti, ripoti zote za wanawake zitasomwa hivo.

RIZIKI: Swali la mwisho la msikilizaji, dada yuko maabara kwenye chumvi kule Gongoni, anapima madini joto, anataka kuwa odita, aanzie wapi?

MWANAJUMA: Anayo bahati, mtu wa maabara ashazoea kuandika alichokiona. Aanze ukaguzi wa ndani kwenye kampuni yake, idara zengine, sio maabara yake. Kisha kozi ya odita kiongozi, huwa ya siku 5 na mtihani, sio rahisi kwa bei kwa hivo abembeleze kampuni ilipe. Halafu afuate timu akae pembeni atazame, asikimbilie kuongoza. Na anunue buti zake za usalama, manake za wageni kule viwandani zote ni namba 9 za wanaume, utakagua kiwanda kizima unaburura miguu.