Hedhi Inapochelewa Baada ya Kidonge cha Dharura

Asanteni kwa kufika. Nitaanza na hesabu, maana hofu nyingi ya hedhi kuchelewa baada ya kidonge cha dharura, kile cha kuzuia mimba baada ya tendo lisilo na kinga, hutokana na hesabu iliyoanzia pasipo pake.

Tumezoea kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi. Mwenye mzunguko wa siku 28 akifika ya 29 bila kuona damu, usingizi unakata. Lakini hedhi haifuati kalenda, inalifuata yai. Yai likishatoka kwenye ovari, kifuko kilichokuwa kimelibeba hubaki kikitoa homoni ya projesteroni kwa takribani siku 14. Mimba isipotunga, homoni hiyo hushuka, utando wa mfuko wa uzazi unabomoka, na damu ndiyo hiyo. Hizo siku 14 hazibadiliki sana. Zinazorefuka na kufupika ni za kabla ya yai kutoka.

Sasa kidonge. Hiki ambacho wengi mnakiita P2 kina levonorgestreli, jumla ya miligramu 1.5: kidonge kimoja, au viwili vya 0.75 ambavyo unaweza kuvimeza kwa mpigo. Kazi yake kubwa ni kulichelewesha yai. Hakitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala hakiidhuru.

Chukueni kalamu. Mzunguko wa siku 28, yai lingetoka siku ya 14. Siku ya 11 kondomu inapasuka, kidonge kinamezwa usiku uleule. Tuseme yai limesogea hadi siku ya 19. Jumlisha 14, unapata 33. Hedhi imechelewa siku tano na mimba hakuna. Ila msiigeuze hesabu hii kichwa chini: mwenye mimba naye hachelewi kwa namna tofauti. Kuchelewa peke yake hakusemi lolote.

Tena si wote huchelewa. Aliyemeza mwanzoni mwa mzunguko anaweza kuona siku zake mapema. Wengi huona hedhi ndani ya wiki moja, kabla au baada ya tarehe waliyoitazamia. Kidonge kingine, ulipristali ya miligramu 30, ambacho hutumika hadi saa 120 baada ya tendo, kina tabia ya kuichelewesha hedhi. Na matone yanayoonekana siku chache baada ya kumeza si hedhi. Usiyahesabu, na usitulie kwa sababu yake.

Hapa sasa ndipo watu wanapoteleza. Yai limeahirishwa, halijafutwa. Rudini kwenye mfano wetu: mwanamke yule akikutana na mwenzi wake siku ya 16 bila kinga, akijua ameshameza dawa, mbegu zinaweza kuishi ndani hadi siku tano, na yai linakuja siku ya 19. Zitalingoja. Kidonge hakilindi tendo linalofuata, hata la kesho yake. Kwa hiyo kondomu hadi hedhi ije, au aanze njia ya kudumu zaidi: baada ya levonorgestreli anaweza kuanza vidonge vya kila siku papo hapo, pamoja na kondomu kwa siku 7. Baada ya ulipristali asubiri siku 5 kwanza, kwa sababu homoni za uzazi wa mpango huipunguzia nguvu.

Kidonge chenyewe hushindwa lini? Kikichelewa. Levonorgestreli inatakiwa ndani ya saa 72, na saa ya kwanza ni bora kuliko ya sabini, kwani mwili ukishatoa ishara ya mwisho ya kuliachia yai, dawa hii haina tena cha kuzuia. Ukitapika ndani ya saa mbili, umeze tena. Halafu kuna dawa zinazolifanya ini liivunje levonorgestreli haraka: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Anayezitumia amwambie mhudumu, apewe dozi maradufu, au bora zaidi kitanzi cha shaba ndani ya siku tano. Kitanzi hicho ndicho kinachofanya kazi kuliko vidonge vyote, na kwa bahati mbaya ndicho kinachotajwa mara chache zaidi.

Kupima. Ukipita siku 7 baada ya tarehe yako, pima. Kama mzunguko wako haueleweki, hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga. Kwa nini 21? Homoni inayosomwa na kipimo huanza kutolewa pale tu kiinitete kinapojishikiza kwenye mfuko wa uzazi, siku 6 hadi 12 baada ya yai kurutubishwa. Kupima siku ya tano ni kutupa kipimo. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, bila kunywa maji mengi kwanza, na usome kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari hafifu ni mstari. Ule wa uhakiki, unaoonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika. Na kilichoachwa mezani hadi jioni hakisomwi, mkojo ukikauka huweza kuacha kivuli kinachofanana na mstari.

Naulizwa kila mara kama kidonge cha pili kitaivuta hedhi. Hakiivuti. Kinavuruga tu hesabu tuliyoifanya sasa hivi.

Hapakuwa na mimba siku ya 21 na bado kavu? Pima tena baada ya wiki moja, kisha muone mhudumu. Matatizo ya tezi ya shingo, uzito uliobadilika ghafla, kunyonyesha na msongo navyo huzuia hedhi. Lakini maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega, hayo hayasubiri wiki. Huenda mimba imetunga kwenye mrija. Hospitali siku hiyohiyo, hata kama mstari ni hafifu kiasi gani, hata kama damu kidogo imeshatoka.