Kazi Iko Mbeya, Gari Liko Mwakaleli

(Mhadhara kwa vijana wanaotafuta kazi, Tukuyu, wilaya ya Rungwe)

Mugonile, ndugu zangu. Wazazi mliokaa nyuma, shikamooni.

Semina nyingi za ajira huanza na wasifu: uandike vipi, uweke picha au usiweke. Leo wasifu tuuache pembeni. Kwa mtu anayeishi Mwakaleli, Lwangwa au Masoko, mara nyingi kinachomkosesha kazi si wasifu. Ni kwamba gari la kijijini ni moja, linashuka alfajiri, linarudi jioni, na mwajiri wa Mbeya hajui kama gari hilo lipo. Kwa hiyo tutazungumzia safari.

Tuanze na hesabu ya kurudi nyuma. Umepigiwa simu: usaili ni kesho kutwa saa 2 kamili asubuhi, Mbeya mjini. Wengi huhesabu kuanzia nyumbani: nitaondoka saa fulani, nitafika saa fulani. Anzeni getini kwa mwajiri. Saa 2 maana yake uwe getini saa 1 na robo, kwa sababu kuna mlinzi, kuna kitabu cha wageni, kuna kutafuta choo na kufuta tope viatuni. Kutoka Uyole, mlango wa Mbeya kwa anayetoka Tukuyu, kuingia mjini wekeni saa nzima. Najua kuna siku mnafika kwa dakika 25, lakini siku ya malori ya mpakani Tunduma kujipanga barabarani si siku hiyo, na tangu ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi uanze, mchepuko mmoja tu unaweza kukumaliza. Basi Uyole uwe saa 12 na robo. Tukuyu hadi Uyole wekeni saa mbili pamoja na vituo vya njiani na ukungu wa Isyonje, ambapo dereva mwenye akili hupunguza mwendo. Hapo gari liwe limeondoka Tukuyu saa 10 na robo alfajiri. Halafu kuna kujaza. Hiace haiondoki kwa saa, inaondoka kwa abiria, kwa hiyo ongezeni nusu saa: uwe stendi ya Tukuyu saa 10 kasoro robo. Kutoka Mwakaleli hadi hapa, barabara ikiwa kavu, saa moja na nusu. Jibu ni saa 8 na robo usiku.

Saa hiyo hakuna gari. Kuna fisi na bodaboda mmoja ambaye bei yake mnaijua.

Maana yake ni kwamba usaili wa saa 2 asubuhi, kwa mtu wa Mwakaleli, ni safari ya siku mbili. Ukilijua hilo siku unayopigiwa simu, unapanga. Ukiligundua saa 9 usiku ukiwa barabarani na tochi, umeshachelewa. Na mkilala, msilale Tukuyu, laleni Uyole au mbele yake, kwa sababu kipande kirefu chenye wasiwasi kinakuwa kimeshapita. Kama ni gesti, kaeni hatua chache kutoka stendi. Ile ya juu ya baa ni rahisi, lakini hulali. Mabinti, mwambieni mtu mmoja jina la gesti kabla simu haijaisha chaji.

Njia ya pili ni kuomba saa nyingine. Watu wanaogopa, wanadhani ukiomba unaonekana msumbufu. Kampuni binafsi, hoteli, shule binafsi, duka la pembejeo, wengi wao hupanga wasailiwa kwa zamu, na kumhamisha mtu kutoka saa 2 hadi saa 5 hakuwagharimu kitu. Kinachoudhi ni ujumbe usio na suluhisho. Andikeni hivi:

“Habari za mchana. Naitwa fulani, nimeitwa usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi, Alhamisi saa 2:00. Naishi Mwakaleli, gari la kwanza hunifikisha Mbeya saa 4. Kama ratiba inaruhusu, naomba nipangwe kuanzia saa 5. Isiporuhusu, nitalala Mbeya na kufika saa 2:00 kama ilivyopangwa.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba ujumbe wote. Inamwonyesha mwajiri kwamba utafika kwa vyovyote. Ila msijaribu hili kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wale wanaosaili watu kwa kazi za serikali. Ule ni wa mamia ya watu kwa pamoja, hauhamishwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Na kwa kuwa tumeitaja Sekretarieti: siku hizi usaili wao wa mchujo mara nyingi hufanyika mkoa unaoonekana kwenye anuani yako ndani ya Ajira Portal, ule mtandao wao wa kuombea kazi. Hapa watu wanaumia. Umesoma Dar es Salaam, ukafungua akaunti ukiwa chuoni, ukarudi nyumbani, hukugusa kitu. Tangazo likitoka, umepangiwa Dar es Salaam, na nauli ya Dar es Salaam huna. Leo hii kabla hamjalala ingieni kwenye akaunti, mbadilishe makazi ya sasa. Ukiitwa, ingia tena unakili namba yako ya mtihani.

Tangazo lao la kuitwa kwenye usaili lisomwe mpaka mstari wa mwisho, maana halimhurumii aliyetoka mbali. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama unacho, hadi cha taaluma. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki. Wanataka kitambulisho. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, wanataka hati ya kubadili jina (deed poll) iliyosajiliwa. Chakula, usafiri na malazi ni juu yako. Mtu wa Soweto, pale pale Mbeya mjini, akisahau cheti cha kuzaliwa anachukua bajaji, anakwenda nyumbani, anarudi. Wewe ukisahau, basi. Kwa hiyo vyeti vyote vikae kwenye bahasha moja ngumu, mwaka mzima, na bahasha isifunguliwe kwa ajili ya kumwonyesha mjomba.

Bahasha hiyo iingie kwenye nailoni mbili, mdomo wa moja ukitazama chini ya nyingine. Rungwe mvua haiombi ruhusa. Kwenye bodaboda ivaliwe kifuani, ndani ya koti, isifungwe nyuma kwenye keria: huko inalowa, na kwenye mashimo mpira unalegea bila wewe kusikia. Viatu vya usaili vibebeni kwenye mfuko, mvae mabuti au ndala hadi lami. Mavazi yenyewe sitayasemea, mnajua.

Safari za kupeleka barua kwa mkono nazo zina utaratibu wake. Usipande gari kwa barua moja. Subiri hadi uwe na sita au nane, na shughuli nyingine zote za mjini zikusanyike: nakala za vyeti kuthibitishwa na wakili (toa seti kumi kwa mpigo, si mbili mbili), picha za pasipoti, suala la kitambulisho cha taifa (NIDA) kama limekwama. Ukifika Mbeya, anza mwisho wa mji, rudi ukielekea nyumbani. Yaani pitiliza hadi Mbalizi kwanza, kisha Iyunga kwenye viwanda, kisha Soweto, Mwanjelwa, Mafiati, umalizie Uyole. Wengi hufanya kinyume, wanaanzia Uyole kwa sababu ndiyo wanayoifikia kwanza, na saa 10 jioni inawakuta Mbalizi, upande wa pili wa mji, gari la mwisho la kijijini likiwa linajaza Tukuyu.

Siku? Jumatatu ofisi zina vikao, Ijumaa mchana maafisa utumishi hawapatikani. Siku ya gulio magari yanaongezeka, na hiyo ni faida, lakini gari la gulio linaondoka ndizi zikishapakiwa, si wewe ukishapanda. Kwa barua linafaa. Kwa usaili msilitegemee. Na namba ya simu ya konda wa gari lenu mnayo? Wachache. Konda ndiye anayejua kama gari limeharibika jana usiku.

Sasa umepata kazi. Kabla hujasema ndiyo, hesabu nyingine. Natoa mfano, nyie wekeni namba zenu: bodaboda hadi lami 3,000, gari hadi Uyole 4,000, daladala 600. Jumla 7,600 kwenda, 15,200 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni 334,400. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichoanza Julai 2025 ni 500,000. Zinabaki 165,600 kabla ya makato, na hujala. Huko kwenye sekta binafsi, ambako wengine hufanya siku sita, siku 26 ni 395,200. Kazi kama hiyo ya kwenda na kurudi kila siku haipo. Ipo kazi ya kupanga chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, huku mshahara wa kwanza ukiwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo fedha ya kutafuta si nauli ya usaili peke yake; ni kodi na chakula cha siku 30 za mwanzo. Anayeulizwa “unaweza kuanza lini?” na hajafanya hesabu hii husema “hata kesho”, kisha wiki ya pili haonekani.

Ulizeni pia zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Asilimia 5 hailipi bodaboda wa usiku. Zamu ikitoka saa 3 usiku, ulizeni kama kuna gari la kampuni, na linawashusha wapi.

La mwisho ni kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo, ambacho wachache hukisoma. Mwajiri akisitisha mkataba wako mahali tofauti na alipokuajiri, anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au kukulipa gharama hiyo, au angalau nauli ya basi hadi kituo cha mabasi kilicho karibu na hapo. Kwa hiyo angalieni mkataba umeandika mahali gani pa kuajiriwa. Kama alikufuata huku huku Rungwe, pasiandikwe Mbeya mjini kwa sababu tu ofisi iko huko. Muulize kabla ya kusaini, na ubaki na nakala.

Ndaga fijo, asanteni sana. Maswali sasa, na waanze wa Mwakaleli, maana gari lao limeshaanza kupiga honi.