Turudishe Maigizo Uwanjani

Ndugu zangu wa vikundi vya sanaa vya Mafinga, Makambako na Njombe, naanza na bati. Mvua ya huku ikishuka juu ya ukumbi wa bati, mwigizaji hasikiki hata safu ya tatu. Kwa hiyo msianze na harambee ya ukumbi. Anzeni na uwanja, Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekata.

Miezi hiyo jua la saa 9 alasiri huelekea kaskazini magharibi, nao upepo wa kusi hutoka kusini mashariki. Watazamaji wakae nusu duara wakiligeuzia jua mgongo: mwanga unamwangukia mwigizaji usoni, na upepo unawaletea sauti yake. Mkigeuza, watu watafinya macho na maneno yataishia kwenye mahindi. Ngoma nazo hulegea kwa ubaridi. Ziwashieni moto wa majani makavu, mzizungushe kwa mbali kidogo, mkizigonga mpaka zilie. Mkizisogeza mno ngozi inapasuka.

Sanaa hii ilikuwa na nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, zilitamba mashuleni, na taifa lilikuwa na kikundi chake cha maigizo tangu 1974, kabla ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanza 1981. Lakini vikundi vingi vililelewa na mashirika ya umma, na mashirika yalipoyumba, navyo vikazimika. Inaniuma kuona tunarudia kosa hilo kwa wafadhili: mradi ukifungwa, maleba, yaani mavazi ya kuigizia, yanabaki stoo.

Mfano wa kushika ni Malya, kule Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, hawakwenda na igizo mkononi. Walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, likajitokeza la mimba za wasichana, ndipo wakatunga, wakacheza na kujadili pamoja.

Mjadala ndipo wengi tunapoharibu. Igizo likichukua dakika 50, acheni 40 za kuzungumza, watu wawahi nyumbani kabla ya baridi. Likatisheni kabla ya suluhisho, mwendeshaji aulize: "Ungekuwa wewe mama huyu, ungefanyaje?" Kisha anyamaze. Wanawake wakisita, wapeni kwanza nafasi ya kuteta wenyewe pembeni. Na mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima zote, aombwe mapema azungumze mwishoni. Akitangulia yeye, waliobaki watasema "tunaunga mkono" tu.